Giaboksi Otomatiki: Jina Moja, Mashine Tano

Mtu yeyote anayetafuta gari Nairobi siku hizi hupewa onyo lilelile kabla hajafika hata yadi ya pili: "Chunga, hiyo ni CVT." CVT ni aina moja ya giaboksi otomatiki, ile inayotumia mkanda. Onyo hilo hutoka kwa shemeji, kwa jirani, kwa fundi na kwa dereva wa teksi, kila mmoja akiwa na kisa chake cha gari lililokataa kwenda katikati ya Barabara ya Thika, na wengi wao hawasemi uongo. Lakini onyo hilohilo hutolewa kwa gari ambalo halina CVT hata kidogo, kwa gari la haibridi, yaani lenye injini na mota ya umeme, ambalo herufi hizo zimeandikwa kwenye karatasi zake ilhali ndani hakuna mkanda wowote, na kwa gari ambalo giaboksi yake iliharibiwa na oili isiyofaa wiki chache tu baada ya kutoka bandarini Mombasa. Mnunuzi hubaki na hofu asiyojua chanzo chake.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mnunuzi huyo. Giaboksi ni sehemu ambayo ikifa hula akiba ya nyumba nzima, mara nyingine pamoja na karo ya muhula, kwa hivyo haifai mtu aikatae au aikubali kwa uvumi.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini ya petroli ya gari dogo hufanya kazi vizuri inapozunguka kati ya mara 1,500 na 6,000 hivi kwa dakika. Gurudumu la gari hilohilo huanza kwa kusimama kabisa, na hata linapofikia kasi ya kilomita 100 kwa saa huwa linazunguka takriban mara 900 tu kwa dakika. Lazima pawe na kitu katikati cha kuipatanisha injini inayopenda kukimbia na gurudumu linaloanzia kwenye sifuri, na kitu hicho ndicho giaboksi. Aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli yenye gia analielewa jambo hili miguuni mwake: mlimani huchagua gia nyepesi, miguu ikazunguka haraka na gurudumu polepole, na akifika tambarare hufanya kinyume.

Katika gari la gia za mkono, mguu wa kushoto hukanyaga klachi ili kuitenga injini na magurudumu kwa muda mfupi, kisha mkono huhamisha gia. Gari la otomatiki ni lile ambalo dereva ameondolewa kazi hizo mbili. Hiyo ndiyo maana yote ya neno lenyewe. Halisemi kazi imepewa nani wala anaifanya kwa njia gani, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa, kwa maana magari yanayouzwa katika yadi za Ngong Road na Kiambu Road yana njia tano tofauti za kuifanya kazi hiyo, na kila njia ina udhaifu wake, oili yake na namna yake ya kufa.

Ndani ya sanduku

Ya kwanza na kongwe zaidi ni ile ambayo mafundi huiita otomatiki ya kawaida. General Motors ya Marekani ilianza kuuza giaboksi ya ukoo huu katika magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940, na wazo lake la msingi halijabadilika sana: mahali pa klachi pana chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambacho mafundi wetu hukiita konvata. Ukikoroga uji kwa nguvu kwenye sufuria kisha ukaacha kijiko chepesi cha mti juu yake, kijiko kitazunguka ingawa hukukigusa, kwa sababu uji wenyewe unakisukuma. Ndani ya konvata, injini ndiyo inayokoroga, oili ndiyo uji, na kijiko ni mhimili unaoingia kwenye giaboksi. Gari likisimama kwenye taa za barabarani, injini huendelea kukoroga taratibu huku kijiko kimezuiwa, na hakuna kinachovunjika. Nyuma ya konvata kuna seti za gia zilizopangwa mithili ya jua na sayari zake, pamoja na klachi ndogondogo zinazobanwa kwa shinikizo la oili ili kuamua ni gia ipi ifanye kazi.

Sifa kubwa ya mashine hii ni uvumilivu. Toyota Probox za otomatiki zilizoundwa kabla ya mabadiliko ya 2014 zilikuwa na giaboksi ya aina hii yenye gia 4, na sehemu kubwa ya heshima ambayo Probox inayo nchini ilichumwa na mashine hiyo. Zilizofuata zilikuja na CVT. Jina lilibaki lilelile, umbo halikubadilika mno, na wapo wanaoinunua ya pili wakidhani wananunua ya kwanza. Mazda nayo ilishika njia yake: Demio ya umbo lililoanza 2014 ilipewa otomatiki ya kawaida ya gia 6, wakati washindani wake wengi wa ukubwa huo walikuwa wamehamia CVT.

Sasa hiyo CVT. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya giaboksi ambayo uwiano wake hubadilika mfululizo, bila ngazi. Aliyetumwa kusaga mahindi utotoni ameuona mkanda mrefu wa kisiagi unaotoka kwenye puli ya injini hadi kwenye puli ya kinu. Fikiria sasa kwamba puli hizo mbili zinaweza kunenepa na kukonda wakati mashine inaendelea kuzunguka. Puli ya injini ikiwa ndogo na ya kinu ikiwa kubwa, kinu huzunguka polepole kwa nguvu. Ukubwa huo ukibadilishana taratibu, kinu huongeza kasi bila mshtuko wowote. Katika CVT kila puli ni jozi ya koni zinazotazamana. Zikisogezwa karibu, mkanda husukumwa kwenda ukingoni, kana kwamba puli imekua. Zikiachana, mkanda huzama ndani, kana kwamba puli imepungua.

Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuza gari lenye mfumo huu mwaka wa 1958, likitumia mikanda ya mpira. Mkanda wa leo kwa kawaida ni wa chuma, umeundwa kwa vipande vyembamba vipatavyo 400 vilivyopangwa bega kwa bega juu ya pete nyembamba za chuma, ingawa Subaru ilipoileta CVT yake ya Lineartronic mwaka wa 2009 ilichagua mnyororo. Udhaifu wake uko palepale ulipo udhaifu wa kisiagi. Mkanda wa kisiagi ukilegea huteleza, hutoa harufu ya kuungua, na unga hauendi. Mkanda wa CVT ukiteleza, chuma hukwaruza chuma. Mkwaruzo mmoja kwenye puli huanza kuula mkanda kila unapopita, na vumbi la chuma linalotoka hapo huingia kwenye valvu ndogo zinazoongoza shinikizo la oili, shinikizo likapungua, mkanda ukateleza zaidi. Hakuna hatua ya uharibifu huo inayojirekebisha yenyewe.

Kwa nini basi watengenezaji waliikumbatia? Kwa sababu huiruhusu injini ibaki kwenye mwendo wake wa kubana mafuta, na Japani, ambako magari madogo hupimwa na kuuzwa kwa hesabu ya kilomita kwa lita, hilo ni jambo kubwa. Nairobi hununua magari yake mengi ya mitumba kutoka Japani. Sisi hatukuichagua CVT. Ilikuja na meli.

Aina ya tatu ni ya klachi mbili. Ukiwa na watu wawili jikoni wanaopika chapati, mmoja husukuma ya pili wakati ya kwanza bado iko kwenye kikaango, na kikaango hakikai kitupu hata sekunde moja. Giaboksi hii hufanya hivyo: klachi moja inashughulikia gia 1, 3 na 5, nyingine inashughulikia gia 2, 4 na 6, na kabla hujaiacha gia ya pili, ya tatu imekwisha kuandaliwa. Volkswagen iliileta sokoni kwenye Golf R32 mwaka wa 2003. Hubadilisha gia haraka na kwa kubana mafuta, lakini ndani yake bado ni klachi halisi zinazosuguana, na zile ambazo klachi zake hazilowi oili huteseka sana gari linapotambaa kwenye foleni.

Ya nne ni rahisi kuieleza. Ni giaboksi ya gia za mkono iliyowekewa mota za kukanyaga klachi na kuhamisha gia, kama ile Suzuki iliyoiweka katika baadhi ya Alto. Husitasita kidogo inapobadilisha gia, na dereva asiyejua hudhani gari ni bovu.

Ya tano imeazima jina tu. Haibridi za Toyota, kuanzia Prius ya 1997 hadi Aqua na Axio tunazoziona kila siku, huandikwa kuwa na CVT ya umeme. Ndani yake hamna mkanda, hamna konvata, wala klachi za kusuguana. Kuna seti ya gia za sayari zinazoziunganisha injini na mota mbili za umeme wakati wote, na kompyuta huamua nani avute zaidi. Kwa maoni yangu hii ndiyo giaboksi yenye vitu vichache zaidi vya kuchakaa miongoni mwa zote tano. Anayeinunua Aqua akae akiiwaza betri. Lakini asije akadhani haibridi zote ziko hivyo. Honda Fit ya haibridi iliyoanza 2013, pamoja na nduguye Vezel, hutumia giaboksi ya klachi mbili yenye gia 7. Magari mawili ya haibridi yanaweza kukaa ubavu kwa ubavu kwenye yadi moja, kwa bei zinazokaribiana, na ndani yake pasiwe na kitu kinachofanana.

Je, sifa mbaya ni za uzushi? La. Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za magari yake ya Marekani yaliyoundwa hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Volkswagen iliyaita magari zaidi ya 380,000 nchini Uchina mwaka wa 2013 yarudi kurekebishwa kwa ajili ya giaboksi zake za klachi mbili. Mwezi Aprili 2018 mahakama ya Australia iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi ya klachi mbili iitwayo PowerShift. Na hizo Fit na Vezel za haibridi ziliitwa na Honda mara kadhaa kati ya 2013 na 2014, baadhi ya mara hizo kwa ajili ya programu inayoongoza giaboksi.

Ukiyatazama matukio hayo pamoja utaona kwamba hayazungumzii aina moja. Yanazungumzia muundo uliokuwa mpya au ulioletwa sokoni kabla haujakomaa. CVT ya 2005 na CVT ya 2019 zinaitwa kwa herufi zilezile, lakini watengenezaji walikuwa wamejifunza mengi katikati. Toyota, kwa mfano, kuanzia 2018 ilileta CVT yenye gia ya kawaida ya kuondokea, ambayo huliondoa gari kutoka kwenye kusimama, kisha mkanda hupokea kazi gari likishashika mwendo. Kuondoka ndiko kunakoubebesha mkanda mzigo mzito zaidi, na wahandisi waliuondoa mzigo huo begani mwake. Kwa hivyo swali la kuuliza ni giaboksi ya mwaka gani, ya muundo gani, na imetunzwa vipi. "CVT ni nzuri au mbaya?" ni swali lisilo na jibu.

Joto na oili

Hapa ndipo Nairobi inapoingia, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami zaidi, kwa sababu makosa ya wahandisi hatuwezi kuyarekebisha lakini haya tunaweza.

Rudi kwenye ile sufuria ya uji. Gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, gia ikiwa kwenye D na mguu kwenye breki, injini inakoroga na kijiko kimezuiwa. Nguvu ile haiwezi kupotea. Inageuka joto ndani ya oili. Na gari halisongi, kwa hivyo hakuna upepo wa kutosha kwenye redieta. Ongeza kiyoyozi, kwa maana kifaa hicho nacho hutoa joto lake mbele ya redieta. Wataalamu wa oili za giaboksi wana kanuni yao ya makadirio: oili ikishapita kiwango chake cha kawaida cha joto, kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa kama nusu. Dereva wa Nairobi anaweza kwenda kilomita 10 kwa saa moja na nusu. Geji ya kilomita inaonyesha kilomita 10. Oili imefanya kazi ya mara kadhaa ya hapo.

Watengenezaji wanalijua hili. Katika vitabu vingi vya gari kuna ratiba mbili za huduma, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, na matumizi magumu huelezwa kuwa ni foleni za kusimama na kwenda, vumbi, milima, safari fupifupi na mizigo mizito. Msomaji aitazame orodha hiyo kisha aitazame njia yake ya kwenda kazini. Wengi wetu tunaishi kwenye ratiba ya pili na kufuata ya kwanza, kama tunafuata yoyote.

Hapo ndipo uzushi wa "oili ya maisha" hutudhuru. Ni kweli kwamba baadhi ya watengenezaji husema oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote ya gari. Maisha hayo, hata hivyo, ni yale wanayoyahesabu wao kwa mmiliki wa kwanza huko kwao. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo ndiyo inayounda giaboksi za otomatiki za magari mengi ya Ulaya, hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Aliyeijenga mashine anaposema oili yake inazeeka, sioni sababu ya kumsikiliza mtu mwingine.

Na sasa hesabu hiyo ya miaka. Kiwango cha Kenya cha KS 1515, kinachosimamiwa na shirika la ubora wa bidhaa la KEBS, hakiruhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini, na kwa sababu ya bei, wanunuzi wengi hulichukua likiwa na miaka 6 au 7. Tunaliita gari jipya. Lina sahani mpya, linanukia sabuni, viti vimefunikwa nailoni. Kama hakuna rekodi inayoonyesha vinginevyo, oili iliyo ndani ya giaboksi huenda ni ileile iliyotiwa kiwandani. Gari "jipya" la Nairobi kwa kawaida linahitaji oili ya giaboksi kabla halijahitaji kitu kingine chochote, na ni wachache wanaoitia.

Wanaoitia nao hukosea kwa namna nyingine, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilinunua gari dogo lenye CVT, nikalipeleka gereji moja, nikaomba oili ya giaboksi ibadilishwe. Fundi alifungua kopo la oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida. Nilipomuuliza kama ndiyo yenyewe, alinijibu kwa utulivu kamili: "Mzee, oili ni oili." Nikanyamaza. Baada ya wiki tatu gari lilianza kutetemeka kila lilipoondoka, kama mtu mwenye homa, na likipanda lilitoa sauti nyembamba ya kuvuma. Fundi wa pili, kijana mwenye karakana ndogo Kariobangi, hakuwasha kompyuta yoyote. Alichovya kidole kwenye oili, akanusa, akaniuliza ni nani aliyeitia.

Aliifungua sinia ya chini ya giaboksi nami nikiwa nimechuchumaa pembeni. Ndani ya sinia hiyo kuna sumaku ndogo za mviringo, kazi yake ni kunasa vumbi la chuma lisizunguke na oili. Vumbi jembamba la kijivu, laini kama majivu yaliyolowa, ni jambo la kawaida kwa giaboksi yoyote iliyotembea. Kwenye sumaku zangu lilikuwa limesimama nene kama ukungu kwenye mkate, na alipolisugua kati ya vidole alinionyesha vijipande vilivyong'aa kwenye jua. "Hivi vidogo vinavyometa," alisema, "ndivyo nisivyovipenda." Aliziosha sumaku, akabadilisha chujio, akatia oili sahihi, akaimwaga baada ya siku mbili na kutia nyingine ili kuondoa mabaki ya ile nyekundu. Kutetemeka kuliisha. Ile sauti haikuondoka kabisa.

Sababu ya yote haya ni rahisi, na ningependa kila mwenye gari aijue. Oili ya CVT imeundwa ili, pamoja na kulainisha, iusaidie mkanda kushika puli bila kuteleza. Oili ya otomatiki ya kawaida imeundwa kwa ajili ya klachi ndogondogo zenye kitambaa cha msuguano. Zinafanana mkononi, na bei zake hazitofautiani sana, lakini kumimina moja mahali pa nyingine ni sawa na kupaka mafuta ya kupikia kwenye mkanda wa kisiagi. Hata miongoni mwa CVT zenyewe kila mtengenezaji ana yake: Nissan ana NS-2 na NS-3, Honda ana HMMF na HCF-2, Toyota ana TC na FE. Herufi hizo zimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na katika baadhi ya magari kwenye kijiti cha kupimia oili. Rangi si kigezo. Kiasi nacho kina utaratibu wake. Giaboksi nyingi za kisasa hazina kijiti kabisa, na kiwango hupimwa kupitia tundu la chini injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa kwenye joto maalumu, kati ya nyuzi 35 na 45 kwa baadhi ya Toyota. Fundi asiyepima joto hilo anakisia.

Liko dai linalosikika kila karakana, kwamba ukibadilisha oili ya giaboksi iliyozeeka ndiyo unaiua. Dai hili lina asili yake. Giaboksi ambayo klachi zake zimekwisha kulika, oili yake chafu huwa imejaa chembe za msuguano zinazosaidia kidogo kushika. Ikimwagwa yote kwa ghafula, au ikisukumwa kwa mashine ya kuflashi inayotibua uchafu uliotulia, ugonjwa uliokuwapo hujitokeza. Oili mpya haikuua; ilikuta maiti. Lakini kwa gari ambalo bado linakwenda vizuri, kumwaga na kutia kwa awamu, bila mashine ya kusukuma, ni njia ya upole ambayo sijawahi kuona sababu nzuri ya kuiogopa.

Madai mengine yanahusu namna ya kuendesha. Wapo wanaotia gia kwenye N, yaani gia huru, wakiteremka kuelekea Mai Mahiu wakiamini wanabana mafuta. Katika magari ya kisasa mambo ni kinyume: gari likiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, kompyuta huyakata mafuta kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, lakini kwenye N injini lazima ipewe mafuta ili isizimike. Zaidi ya hayo, breki zinaachiwa kazi peke yake kwenye mteremko ule, nao si wa mzaha. Gia za L, B au S, ambazo huifanya injini isaidie kulizuia gari, ziliwekwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Kuhusu N kwenye taa za barabarani, hakuna haja ya kuitia kwa kusimama kwa sekunde chache. Foleni ikiganda kwa dakika kadhaa, N na breki ya mkono huipumzisha oili. Mwenye gari la klachi mbili asubiri pengo la kutosha mbele yake ndipo asonge, maana kutambaa nusu mita nusu mita ni sawa na kukanyaga nusu klachi siku nzima.

Jambo la kuvuta gari nalo lina ukweli ambao wengi hawaujui. Pampu inayosambaza oili katika giaboksi nyingi za otomatiki huzungushwa na injini. Gari lililozimika likivutwa kwa kamba, magurudumu ya kuendeshea yakiwa chini, gia huzunguka kavu, na safari kutoka Athi River hadi mjini inatosha kuimaliza giaboksi iliyokuwa nzima. Lipakiwe kwenye lori, au magurudumu hayo yainuliwe. Na unapoegesha kwenye mteremko, vuta breki ya mkono kwanza, uachie breki ya mguu gari litulie, ndipo utie P. Ukianza na P, uzito wote wa gari utaegemea kijichuma kimoja kidogo kinachoifunga giaboksi, na ule mlio wa "tak" unaousikia asubuhi ukiitoa ni malalamiko yake.

Yadini

Kabla ya kulipa, omba karatasi za usafirishaji kutoka Japani, ambazo kwa kawaida huonyesha kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa huko, uzilinganishe na geji iliyo mbele yako. Uliza aina ya giaboksi kwa nambari ya chasi. Usiulize kwa jina la gari. Ufike mapema, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, mtu amelipasha gari kabla hujaja, na giaboksi iliyochoka huficha mengi ikishapata moto, kama ambavyo nyingine hufichua mengi. Rudi siku nyingine ulikute baridi.

Likiwa baridi, kanyaga breki, toka P uingie R, kisha D, ukihesabu kimoyomoyo. Gari likichukua zaidi ya sekunde moja hivi kushika, au likishika kwa kishindo, mwambie muuzaji ulichokiona. Kisha liendeshe nusu saa, kwenye foleni na kwenye mlima. Valley Road inafaa: simama katikati ya mpando, ondoka taratibu bila kukanyaga sana, usikilize. Mzunguko wa injini ukipanda na kasi isipande, kuna kitu kinateleza. Otomatiki ya kawaida ikiruka au kusita inapobadilisha gia, au CVT ikitetemeka inapoondoka, usikubali kuambiwa kwamba ni plagi. Ukirudi yadini, acha injini ikinguruma, utoe kijiti cha giaboksi kama kipo, uipanguse oili kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni oili iliyopikwa. Ya rangi ya maziwa ni maji ya redieta yaliyoingia ndani, na gari hilo liachie hapohapo. Ikiwa safi na gari limekwenda vizuri, muulize muuzaji ilibadilishwa lini na ilikuwa ya aina gani. Asipokuwa na risiti, hesabu bei ya oili sahihi, chujio na kazi ya fundi, uitoe kwenye bei ya gari kabla hujatia sahihi.